Supu Isiyo na Mfupa

Dar es Salaam supu ina sheria zake, na sheria ya kwanza ni mfupa. Mtu akikuambia asubuhi "twende tukapate supu", hakuulizi kama unapenda mboga. Anakupeleka kwenye benchi, anaagiza kongoro au utumbo au mbuzi, chapati mbili, na kisahani chenye ndimu zilizopasuliwa na pilipili mbuzi pembeni. Jioni kuna ya pweza, ambayo wanaume huinywa wamesimama, faida zake zikitajwa kwa sauti ya chini. Supu ya kuku ni ya mzazi na mgonjwa. Ya mboga tupu ipo hotelini, kwenye menyu, karibu na saladi, na sijawahi kumwona mtu aliyeiagiza kwa fedha yake. Kwenye semina huletwa tu, na washiriki hunywa kwa kuwa posho bado haijasainiwa.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilipotangaza nyumbani kuwa mchana wa Jumapili ningepika supu ya mboga za kuoka, yenye chungwa na majani ya kunukia, nilijua nakwenda kupambana na nini. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa jikoni ndani ya kiroba.

Mama mkwe wangu anatoka Muheza. Kwa asiyeijua Muheza: ni wilaya ya mkoa wa Tanga ambako ukimtembelea mtu huulizwi kama utachukua machungwa, unaulizwa umekuja na gari gani. Alishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi na kiroba kilichoshushwa na vijana wawili, ndani machungwa, malimau na ndimu, nami nikamwamkia shikamoo jicho likiwa kwenye bajaji, nikijiuliza kitakaa wapi. Basi tukanywa juisi. Tulikunywa asubuhi, tukanywa badala ya chai, tukawapelekea majirani mpaka wakaanza kuzima taa wakisikia geti letu. Watoto walifika mahali pa kuomba maji kwa adabu. Na mwenye kiroba yupo, anapita kila saa kukitazama. Chungwa likikuozea mbele ya aliyelileta, hakuna maelezo yanayotosha.

Hapo ndipo simu iliponionyesha video ya mama mmoja wa Marekani, jiko jeupe pe, theluji dirishani. Alipanga boga, karoti, nyanya na vitunguu kwenye trei, akaoka, akasaga, akakamulia chungwa, akarushia majani, akaonja, akafumba macho. Muda wote: dakika 45. Nilipoitazama tena baadaye niliona kitu ambacho kwanza kilinipita. Nyumba ile haina watu. Hakuna anayepita akachomoa karoti. Hakuna anayeuliza chumvi iko wapi ili apate kuuliza unapika nini. Mapishi ya namna ile hutungwa na watu wasio na wageni. Yana kipimo cha kila kitu isipokuwa mama mkwe.

Mke wangu alikuwa amealikwa kicheni pati huko Sinza, kwenda kumfunda bibi harusi namna ya kutawala jiko. Aliondoka saa sita na sare yake ya kitenge, akaniachia jiko lenyewe.

Sasa, nyumba nyingi za mjini zina oveni kwa sababu jiko la plate nne limekuja nayo. Hakuna aliyeiomba. Oveni yetu ni kabati. Mnakaa sufuria ya pilau, kikaango kisicho na mkono, chujio la nazi, na kadi za michango ya harusi, kwa imani ya mke wangu kwamba kadi isiyoonekana haidai. Nilitoa vyote nikavipanga sakafuni, nikawasha, maana video ilisema oveni ipate moto kwanza. Ikapata. Ikapata pamoja na bakuli la plastiki la kijani lililokuwa limesukumwa hadi ukutani kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hana sababu ya kutazama.

Plastiki ikiungua haikurupuki. Huanza na harufu tamutamu, halafu ndiyo inapanda. Mama mkwe, aliyekuwa barazani akichambua mchele, alivumilia kadiri heshima ya mkwe ilivyomruhusu, kisha akaita:

"Baba, ndiyo yenyewe inanukia?"

"Bado, mama."

"Haya." Kimya kidogo. "Maana nilisema kama ndiyo yenyewe, watoto wasongewe ugali."

Nilizima, nikafungua madirisha. Atakayepatwa na hili asihangaike kukwangua plastiki ikiwa ya moto, kwani inavutika tu na kuhamia kwenye kisu. Iache ipoe, igande, ndipo ibanduke kipande kizima. Langu lilitoka likiwa na alama za wavu wa oveni, zimepangika vizuri, na mwanangu mdogo alilichukua kwenda nalo shule.

Shida ya pili ilikuwa kwenye nyuzi. Mama wa kwenye video alisema 425. Kitufe chetu kinaishia 250. Nilikaa pale nimejifunga khanga ya mke wangu iliyoandikwa "Semeni mtachoka", nikifikiria kwamba labda wenzetu wana oveni za kuyeyushia vyuma. Binti yangu wa kidato cha pili, aliyekuwa amekuja kuchomoa karoti, akachungulia simu. "Baba, hiyo ni Fahrenheit." Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Ikaja 218. Alinieleza kwa sauti ileile ninayoitumia mimi kumwambia azime taa, akachukua na karoti nyingine.

Kuoka mboga kuna maana yake, na hapa naomba watu wa mfupa wanisikilize. Maji yakichemka hayapandi kupita nyuzi 100, sisi tulio usawa wa bahari. Kwa hiyo mboga ya kuchemsha, hata uichemshe mpaka magharibi, haitapata ile rangi ya kahawia. Lakini ikikauka juu na joto likavuka 140 hivi, sukari na protini zilizomo huanza kushikana na kuzaa harufu mpya kwa makundi: ya ganda la mkate, ya kahawa iliyokaangwa, ya mshikaki. Mfaransa mmoja, Louis Camille Maillard, ndiye aliyeueleza mchezo huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Yaani kinachokuvuta kwa muuza mishikaki, sehemu kubwa, kipo pia kwenye karoti, ila karoti haijapewa nafasi. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu. Nimeitoa barazani, nimeitoa kazini, na bado nasimama nayo.

Tatizo la hoja ni trei. Nilikuwa na boga, karoti, nyanya, vitunguu maji, hoho nyekundu na kichwa kizima cha kitunguu saumu, nikavirundika vyote kwenye trei moja ili umeme usiende bure. Vikibanana hivyo vinatoa maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, na ndani ya oveni unajikuta unachemsha kwa bei ya kuoka. Vinatakiwa vilale mbalimbali, safu moja, vimepakwa mafuta, trei mbili ikibidi. Nilikuwa nahamisha nusu kwenye trei ya pili wakati taa ilipozimika.

Nilitoka nje kutazama kwa majirani, kama ambavyo kila Mtanzania hutoka. Kwao kunawaka. Hapo ujue hakuna wa kumlaumu: ni LUKU yako. Mita ilikuwa inalia tangu Ijumaa, lakini nyumbani kwetu mlio wa mita ni wa kila mtu, kwa hiyo si wa mtu. Oveni ya kilowati mbili hula uniti mbili kwa saa moja, na sisi uniti mbili ndizo tulizokuwa tumezibakiza kwa ajili ya usiku. Nikanunua kwa simu. Tarakimu zikaja, 20, na vidole vyangu vimejaa mafuta ya alizeti. Kila nikigusa kioo, ujumbe unakwenda zake, linakuja tangazo la mikopo.

Akaingia shemeji, mdogo wa mke wangu. Ana kipaji cha kufika Jumapili sufuria ikiwa inafunikwa, na siku hiyo alikuwa ameharakisha kidogo. Akaishika simu akaanza kunisomea tarakimu kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, mimi nikibonyeza, mita ikakataa. Tukarudia. Ikakataa. Mama mkwe akasema kutoka barazani kwamba kwao Muheza kuni hazina namba. Hatimaye binti akatufukuza wote wawili, akaingiza mwenyewe kwa utulivu, nyumba ikawaka.

Kuhusu majani. Video ilitaka thaimu na rozimari, ambazo ukizitafuta kwa mama wa sokoni atakuuliza kama ni majina ya wanao. Sisi tulikuwa na kotimiri kwenye friji, mchaichai wa chai, na mrehani alioupanda mama mkwe mwenyewe kwenye makopo. Mrehani ni jani la chakula; Waitalia huutia kwenye mchuzi wa nyanya na dunia nzima inawasifu. Nikachuma tawi. Nilimsikia akiweka ungo chini.

"Baba, mrehani huo unakwenda wapi?"

"Kwenye supu, mama."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mrehani tunafungia kikuba. Na asumini. Mtu anavaa, anakwenda kwa mumewe. Wewe unautia kwenye boga?"

Hakuna jibu la heshima kwa swali hilo, hasa kutoka kwa mtu aliyemfunda mkeo. Nikamtuma mtoto wa kati akaongeze majani kwa jirani, naye akarudi na furushi la kivumbasi kutoka kwenye uzio. Ni ndugu wa mrehani kweli, na kwa mtoto wa mjini hayana tofauti, ila kivumbasi watu hukipanda kufukuza mbu. Nilikitia kabla sijakinusa. Shemeji alikinusa kabla yangu. "Shemeji," akasema, "tukishainywa hii, mbu wanatukimbia sisi, au wanaihama nyumba nzima?" Tukakiokoa na mwiko, kilichookoleka.

Kisha machungwa, ambayo ndiyo yaliyonipeleka jikoni. Video ilisema kwangua ganda la rangi ya chungwa. La kwetu ni kijani. Chungwa la pwani ganda lake hubaki kijani hata likiwa limejaa sukari, kwa sababu ni baridi ya usiku inayoifukuza ile rangi ya kijani, na usiku wa kwetu baridi hiyo hauna. Sasa ukiwa na kiroba kizima, huwezi kuketi na grata ukikwangua vumbi la ganda moja. Nilifikiria kiuchumi. Nikakata machungwa vipande vya duara, na maganda yake, na kokwa zake, nikayatumbukiza sufuriani pamoja na mboga zilizookwa, nikaongeza maji, nikaacha vichemkie. Kiroba kilishuka hadi nikajisikia vizuri.

Halafu blenda. Mambo haya hayasemwi kwenye video kwa sababu mama yule alikata picha: kitu cha moto kikizungushwa ndani ya jagi lililofungwa kabisa, mvuke unaachiwa wote kwa mpigo, hewa inatanuka, na njia pekee ni juu. Unatakiwa ujaze nusu tu, utoe kile kiziba kidogo cha katikati, ufunike na kitambaa, uanze polepole. Mimi nilijaza mpaka shingoni, nikakandamiza kifuniko kwa nguvu za mtu anayejali usafi, nikabonyeza namba kubwa.

Sauti haikuwa kubwa. Kilichokuwa kikubwa ni ukimya uliofuata. Kifuniko kilipita karibu na sikio la shemeji, ambaye mpaka leo anaufupisha umbali huo kila akisimulia. Supu ilikwenda darini. Ilikwenda ukutani, kwenye kalenda, juu ya friji, na kwenye "Semeni" ya khanga, ikabaki "mtachoka". Mama mkwe alifika mlangoni, akasema "Yallah", akahesabu watoto, akatulia. Kisha tone moja likaanguka kutoka juu, likatua kwenye ungo wa mchele.

Nilionja mara ya kwanza kutoka ukutani. Ilikuwa chungu, na uchungu wenyewe ulisubiri nimeze ndipo ujitambulishe. Harufu nzuri ya chungwa inakaa kwenye vitone vya mafuta kwenye ngozi ya nje; ndiyo yale mafuta ambayo watoto huyabinyia kwenye mshumaa umeme ukikatika, yakatoa cheche. Chini ya ngozi kuna ile nyama nyeupe, na ndani kuna kokwa, na humo ndimo inamokaa limonini, ambayo ndiyo uchungu wenyewe. Ukichemsha, inatoka. Ukizisaga kokwa, inatoka na ndugu zake. Hata juisi tupu ya baadhi ya machungwa ikipashwa moto huanza kuwa chungu ilhali ilipokamuliwa ilikuwa tamu. Mama mkwe hajawahi kusikia habari za limonini. Alichovya kidole, akasema, "Umechemsha kokwa," akanyoosha mkono apewe mwiko.

Kumbe tangu ile harufu ya plastiki, alikuwa ameshaanza. Mchele ulikuwa wa kutuzuga tu. Uani, nyuma ya tangi la maji, kulikuwa na sufuria ya boga lililochemshwa kando, na nazi mbili zimekunwa, mbuzi bado imefunguliwa. Aliichuja supu yangu yote kwa chujio la nazi, lile la ndani ya oveni, akatupa maganda na kokwa na mabaki ya kivumbasi. Akaipunguza makali kwa boga lake. Akatia chumvi, na nilishangaa jinsi chumvi ilivyouinamisha ule uchungu kuliko ambavyo sukari ingefanya. Akaingiza tui zito akikoroga upande mmoja bila kusimama, hadi likachemka kidogo. Nilipoleta ndimu akanizuia mkono. "Ipua kwanza." Ukitia ndimu tui likiwa motoni linatokota, linakatika, utakuwa na maji huku na mabonge huko. Na kotimiri hivyohivyo, ikipikwa ndani ya kitu kikali inageuka rangi ya kaki na haina la kusema. Basi tuliipua, ikatulia, akakamua ndimu, akakwangua kidogo ganda la nje la chungwa moja, la nje tu, kwa kisu, jembamba hivi unaona ncha ya kidole upande wa pili, akakatia kotimiri.

Akautazama mrehani uliokuwa bado mezani. Akachuma majani mawili, akayatia. Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Ilikuwa tamu. Nasema hivi nikiwa na mashahidi. Kwanza unalipata boga na ule utamu wa kuungua wa karoti na kitunguu, halafu nazi, halafu ndimu inakuja nyuma kabisa na kukuamsha. Binti alirudia. Mtoto wa kati alichovya chapati. Shemeji peke yake alikuwa na mashaka. Aliuzamisha mwiko, akaukokota chini ya bakuli la kupakulia kutoka ukingo hadi ukingo, taratibu, akautoa.

"Imezama?" akauliza.

"Nini?"

"Nyama."

Mke wangu alirudi magharibi, mikono imechorwa hina, kapewa hotipoti ya zawadi. Alikula kwanza. Kwenye bakuli la pili akauliza nani amepika, na kabla sijafungua mdomo mama yake akasema, "Mumeo. Peke yake. Mimi nilikuwa nachambua mchele." Nilitazama chini kwa unyenyekevu. Sikuona haja ya kubishana na mtu mzima. Mke wangu akatikisa kichwa, akasema kule kicheni pati walimwambia bibi harusi kwamba wanaume wa siku hizi wanapika, na nusu ya ukumbi ilicheka. Ndipo akaegemea kiti kushiba, na mtu akiegemea kiti hutazama juu.

Rangi ya boga na karoti huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, ndiyo maana ukiifuta kwa kitambaa chenye maji inasambaa tu. Nilijaribu sabuni ya unga, nikajaribu malimau (yalikuwepo), dari ya jipsam ikazidi kunawiri. Tukamwita fundi rangi. Alipanda ngazi, akaikuna kwa ukucha, akaipangusa, akashuka na uso wa mtu aliyekutana na kazi ya fundi mwenzake. Akaniuliza hii rangi niliinunua duka gani, kwa sababu ana mteja Goba anaitafuta na imeshika vizuri ajabu. Nikamwambia ni supu.

"Supu ya nini?"

"Ya mboga."

Akapanda tena ngazi, akasogeza pua, akakaa huko juu muda. Akaniambia bei ya kupaka dari nzima, na nilipolalamika kuwa ni kubwa akasema tunaweza kuelewana, kama imebaki kidogo.